Ruta Mpya, Mashine ya Zamani: Usiondoe Ulinzi Ndio Wi-Fi Ishike

Umeweka ruta mpya dukani. Simu yako ya juzi imeshika Wi-Fi papo hapo, lakini mashine ya kadi ya miaka mingi imegoma. Wateja wamepanga foleni kaunta, na mtu anakushauri: "Si utoe tu pasiwadi, itashika." Ngoja kwanza. Mara nyingi mashine haijaharibika, na kuna njia ya kuiunganisha bila kuacha mlango wazi.

Kwa nini inagoma?

Angalia mambo mawili. La kwanza ni masafa. Ruta za siku hizi hutumia gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 ina kasi zaidi, ila ukuta huidhoofisha haraka, ya 2.4 hufika mbali. Vifaa vingi vya zamani vinajua 2.4 pekee. Ikiwa imezimwa, kifaa hakitaona hata jina la mtandao wako.

La pili ni ulinzi. WPA2 ilikuja mwaka 2004, na WPA3 ikaja 2018. Ruta iliyowekwa WPA3 pekee hukataa kifaa kisichoijua. Hapo unaona jina la mtandao, unaandika nenosiri sahihi, na bado hakiunganishi.

Fanya hivi

1. Ingia kwenye mipangilio ya ruta. Kwa kawaida maelezo yako kwenye kibandiko kilicho chini yake. Kama ulipewa ruta na kampuni ya intaneti, wapigie wakusaidie.
2. Washa masafa ya 2.4 na uyape jina lake, kwa mfano "Duka-Kaunta".
3. Kwa mtandao huo chagua WPA2 yenye AES. Chaguo la WPA2 na WPA3 pamoja linaweza kufanya kazi, lakini vifaa vingine vya zamani hulikataa pia.
4. Weka nenosiri refu, na ubadilishe lile la msimamizi wa ruta lililokuja nayo.
5. Wateja wanaoomba Wi-Fi, wafungulie mtandao wa wageni. Wasiingie ule wa kaunta.

Usifanye hivi

Usiache mtandao bila nenosiri, na usichague WEP. WEP huvunjwa kwa dakika chache. Mgeni akiingia mtandao mmoja na mashine yako, anaweza kujaribu kubadilisha mipangilio ya ruta na kukupeleka kwenye kurasa feki zinazofanana na zetu. Kifaa kinachojua WEP pekee kimefika mwisho; kipumzishe.

Kumbuka pia, kushika Wi-Fi si kuwa salama. Simu ambayo haipokei tena masasisho ya usalama inaweza kucheza muziki dukani, lakini usiitumie kwa programu ya malipo.

Je, foleni itasubiri?

Hapana. Washa data ya laini yako, au tumia menyu ya nyota na reli. Menyu hiyo hupita kwenye mtandao wa simu, kwa hivyo haihitaji Wi-Fi wala data, na hata kabambe inaifungua.

Ukimwita fundi, kaa naye akifanya kazi. Anaweza kuhitaji nenosiri la ruta, ambalo utalibadilisha akishaondoka. PIN yako ya malipo haihitaji kamwe. Hata sisi hatutakuuliza.