Mizimu ya Mpakani na Waliozikwa Bila Majina

Vijiji vingi vya nchi yetu vina mahali ambapo watu hawapiti jua likishazama: gofu, mti mkubwa, kichaka ambacho hakuna anayethubutu kukifyeka. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaokesha katika sehemu za namna hiyo wakiwa na kamera za gizani na vipimo vya umeme, wakitumaini kuwanasa marehemu. Kipimo cha umeme hupima umeme tu. Kwa mahali kama Ndalambo, wilayani Momba, naona kazi ya kutafuta mizimu inapaswa kuanza mchana, kwa wazee na kwenye nyaraka, kwa sababu ukanda huu una wafu wengi ambao hakuna aliyewaandika.

Ndalambo haiko mbali na mpaka wa Zambia. Mwaka 1914 mpaka huo uliwatenga Wajerumani na Waingereza, na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikafika hapa mapema. Waingereza walikuwa na vituo Fife na Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo; katikati ya mwaka 1915 Wajerumani waliizingira ngome ya Saisi, jirani na Abercorn. Novemba 1918 jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilipitia Fife likielekea kusini, na tarehe 25 mwezi huo likaweka silaha chini Abercorn, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya. Sehemu kubwa ya chakula na risasi za majeshi hayo ilisafiri vichwani mwa watu. Wapagazi hao, ambao upande wa pili wa mpaka waliitwa tenga-tenga, waliuawa zaidi na njaa, kuhara damu na homa ya mapafu kuliko risasi. Ofisa Mzungu akifa alipewa kaburi lenye jina. Mpagazi aliweza kuishia kando ya njia, na msafara ukaendelea. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekwa kwa majina katika kumbukumbu zake, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo kijiji cha ukanda huu kinaposema kwamba mahali fulani pana watu usiku, si busara kucheka. Pengine ndiyo rejista pekee ya makaburi iliyobaki.

Atatokea wa kusema kwamba hadithi si ushahidi, kwamba kila msimulizi huongeza chumvi. Ni kweli, na ndiyo maana hadithi haitoshi peke yake. Lakini mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizichunguza habari za wanyonya damu zilizoenea enzi za ukoloni: mumiani kwetu, banyama kwa jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Hakujishughulisha na kama damu ilinyonywa kweli. Aliuliza kwa nini watu walisimulia hivyo, wakati ule na mahali pale, na majibu yakamfikisha kwenye kazi, tiba na mamlaka ya wakoloni. Hadithi ya mzimu itumike hivyo hivyo. Haitakupa jina la marehemu, ila inaweza kukuonyesha pa kuuliza. Mfano ni Gedi, karibu na Malindi, palipoogopwa kama makao ya mizimu. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948, ukafichuka mji wenye misikiti, jumba la mtawala, vyombo vya kauri vya China na kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399.

Hoja nyingine ni nzito zaidi: kwamba kuchokoza habari hizi huamsha shari. Naikubali, ingawa shari ninayoiogopa mimi ni ya walio hai. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu kusini mwa Malawi ulisababisha watu kuuawa na makundi yenye hasira. Mtafiti anayetoka kijijini akiwa ameacha nyuma jina la bibi fulani anayeshukiwa uchawi amefanya uovu, hata kama nia yake ilikuwa njema. Maswali yaelekee kwa waliokufa: walikuwa kina nani, walipita wakati gani, kabla au baada ya njaa ipi, nzige wepi, ndui ipi.

Kuna pia sehemu ambazo bado ni za ibada. Mungomi wa Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya mapangoni iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, wenyeji wangali wanakwenda kuomba mvua na uponyaji. Mwenye mahali akikataa mgeni asiingie, mgeni arudi. Na kuchimba bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, sembuse kuchimba panapohisiwa kuwa ni kaburi.

Anayetaka kukesha akeshe, akiwa na ruhusa ya serikali ya kijiji na wazee wa ukoo, na awaondoe kwanza fisi, bundi, popo na upepo katika hesabu yake. Usiku huo hautampa mengi kama siku moja katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, au katika kumbukumbu za wamisionari waliokaa pande zote mbili za mpaka. Nazo karatasi zina upofu wake: waandishi wake walihesabu mizigo kwa makini kuliko wabebaji. Pengo hilo laweza kuzibwa na simulizi za koo tu, na hapa ndipo ninapoona haraka. Wapagazi wenyewe hawapo tena, watoto wao karibu wote wamekwisha, na wajukuu waliosikia habari hizo jikoni ni wazee sana leo, huku Momba na ng'ambo ya mpaka wa Tunduma pia.