Tusiogope Kuyasoma Yaliyoandikwa Juu Yetu

Baada ya Swala ya Ijumaa, mzazi mmoja alitujia katika ofisi ya kamati ya msikiti akiwa na karatasi mkononi. Mwanawe alikuwa amepata kazi ya udereva katika nchi ya Ghuba, na wakala alitaka cheti cha maadili mema. Cheti kilipotoka, kilionyesha kuwa kijana ana kesi. Kesi yenyewe ni ya miaka sita iliyopita: alikamatwa na wenzake katika msako wa usiku, akafikishwa mahakamani, kisha upande wa mashtaka ukaiondoa kesi. Nyumbani wakaamini yamekwisha. Hakuna aliyekumbuka alama za vidole zilizochukuliwa siku ile. Kufumba na kufumbua, muda wa wakala ukapita na kazi akapewa mwingine.

Ndipo tulipoona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa familia zetu.

Hapa Kenya cheti hicho hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, DCI. Mwombaji hujaza maombi yake mwenyewe katika mtandao wa eCitizen na kulipa shilingi 1,050. Kisha huchapisha stakabadhi ya malipo pamoja na fomu ya alama za vidole iitwayo C24, akachukua kitambulisho chake halisi na nakala yake, akaenda kuchukuliwa alama katika Kituo cha Huduma au makao makuu ya DCI, Kiambu Road, Nairobi. Alama hulinganishwa na kumbukumbu zilizopo. Cheti kikiwa tayari, hupatikana katika akaunti ileile ya eCitizen. Hakuna haja ya dalali, wala ya kumpa mtu chochote chini ya meza.

Nasaha yetu ni hii: kijana asingoje mpaka mwajiri amdai cheti. Akiomba mapema na akakuta kosa, ana wasaa wa kulitengeneza. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi. Aliyeachiliwa au aliyeondolewa kesi aende masijala ya mahakama iliyoisikiliza, akiwa na nambari ya kesi, aombe nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri, aipeleke DCI na kuomba kwa maandishi kumbukumbu irekebishwe. Nakala moja abaki nayo nyumbani. Kesi ikiisha leo, karatasi hiyo ichukuliwe sasa, kabla faili halijawa gumu kupatikana.

Na aliyehukumiwa kwa haki, akatumikia adhabu yake na kutubia? Huyo asishawishike kununua cheti bandia, kwani atakuwa ameongeza kosa juu ya kosa. Ni bora amweleze mwajiri ukweli kabla hajaugundua.

Neno la mwisho ni kwetu wazee na viongozi. Kamati yetu pia huwataka walimu wa madrasa walete cheti hiki, kwa kuwa watoto ni amana. Hata hivyo, tumejifunza kutomhukumu mtu kwa mstari mmoja wa karatasi. Surat Al-Hujurat imetufunza kuhakikisha habari na kujiepusha na dhana mbaya. Tumwite mwalimu faraghani, tumsikilize, tuuone uamuzi wa mahakama. Mzazi yule alituambia kwamba kilichomuumiza zaidi ya kazi iliyopotea ni minong'ono ya majirani.

Mwanawe amekwisha kuipata nakala ya mahakama na kuiwasilisha. Sasa anasubiri jibu. Tunamwombea, na tunawasihi vijana wengine wasingoje yawafike.