Mkorosho unapoamka: dalili za kuangalia kabla kipupwe hakijaisha

Kipupwe cha Mtwara si kikali. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huvuma, usiku huwa na ubaridi kidogo na alfajiri majani hulowa umande. Mvua zimeshakatika, na wengi wetu huona shamba limelala. Kumbe kuanzia Mikindani hadi Msimbati na Kitaya, kando ya mto Ruvuma, huu ndio wakati mkorosho unapoamka.

Tuangalie nini?

Dalili ya kwanza iko kwenye ncha za matawi. Hapo huchomoza majani mapya, laini, yenye wekundu wa kahawia. Baadaye ncha hizo hizo hutoa mashada ya maua. Yakifunguka huwa meupe, kisha hugeuka pinki, na nyuki huanza kuyazunguka. Mikorosho haichanui yote kwa siku moja. Ule wa nyuma ya nyumba unaweza kuitangulia ya shambani, kwa hiyo kila mti ukaguliwe.

Kwa nini tuwahi?

Kwa sababu majani machanga na maua ndiyo chakula cha ubwiriunga. Huu ni ugonjwa wa ukungu unaosambazwa na upepo. Huonekana kama unga mweupe, mithili ya majivu. Shada lililoshikwa hugeuka kahawia, hukauka na kupukutika bila kuzaa korosho.

Hasara yake tunaijua. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka hadi karibu tani 20,000. Ubwiriunga ulikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na wakulima kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mashamba yao.

Tufanye nini?

Kwanza, tuondoe maotea, yaani machipukizi yanayoota chini ya shina na ndani ya mti. Ukungu hujificha humo msimu mzima, ukisubiri maua. Tupalilie na kupogolea pia, ili hewa na jua vipenye.

Pili, salfa ya unga ipulizwe mashada yanapoanza kujitokeza. Salfa hukinga zaidi kuliko kutibu. Ukisubiri mti uwe mweupe umechelewa. Pulizia asubuhi na mapema, upepo ukiwa umetulia na umande bado upo ili unga ugande. Ziba pua na mdomo, vaa miwani, na watoto wakae mbali.

Kuhusu kipimo na siku za kurudia, muulize afisa ugani wa kijiji au fika kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, hapa hapa Mtwara, kwani kila dawa ina ratiba yake.

Minada ya Oktoba na ada za shule za Januari zinategemea mashada ya sasa. Kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, tuzunguke mikorosho yetu na kutazama ncha za matawi.