Kucha za Likizo ya Kusini: Tazama Udongo Kabla ya Rangi

Shule zinapofungwa mwezi Juni, mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Masasi na Newala hujaa watu wanaorudi kwao. Huku kusini ni kiangazi. Masika imekwisha, vumbi limeamka, muhogo unamenywa na kuanikwa, mbaazi zinakaribia kuvunwa, na familia nyingi zinajiandaa kwa jando na unyago, shughuli ambazo siku hizi hupangwa kufuata likizo za shule. Wiki ya mwisho kabla ya safari ndiyo wiki ya foleni kwa mafundi wa kucha. Mteja anatoa simu, anaonyesha picha, fundi anapaka. Picha yenyewe mara nyingi ilipigwa ufukweni au kando ya bwawa la kuogelea, na mkono uliomo haukuwa na kazi siku hiyo. Mkono unaokwenda Newala utamenya muhogo, utasonga ugali, utafua kwa maji ya ndoo na utapiga makofi ngomani mpaka usiku wa manane.

Kwa sababu hiyo huwaambia wateja wangu kwamba kucha za likizo huchaguliwa kwa kutazama udongo, maji na kazi za mahali unapokwenda. Uzuri hautapungua, na utadumu zaidi.

Nianze na udongo. Uwanda wa Makonde una mchanga mwekundu, na Newala imekaa ukingoni mwa uwanda huo, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma likienea chini yako. Upepo wa Juni na Julai pale ni mkali na wa baridi. Vumbi lake jekundu huingia kila ufa, na penye rangi ya kucha hukaa sehemu mbili: kwenye ukingo wa mbele, ambako rangi huanza kulika, na pembeni, pale kucha inapokutana na nyama. Rangi nyeupe, ya maziwa na ile ya waridi iliyopauka huonyesha mstari huo mwekundu tangu siku ya pili. Mtindo wa kucha yenye ncha nyeupe, unaopendwa sana na maharusi, ndio unaoumia mapema kuliko yote, kwa kuwa weupe wake umewekwa hasa pale vumbi linapoanzia.

Rangi zinazoelewana na udongo huu ni zile zilizoiva: damu ya mzee, ugoro, shaba, chungwa lililokolea, kijani cha jani la mwembe, bluu ya usiku. Kwenye ngozi zetu, kuanzia maji ya kunde hadi nyeusi tii, rangi hizi hung'aa bila kutafuta msaada. Zile za kupauka zimechanganywa na weupe mwingi, ndiyo maana zikikaa kwenye ngozi nyeusi huonekana kama chokaa mpaka zipakwe tabaka tatu, na tabaka tatu nene huchelewa kukauka na hubanduka kama ganda. Kama moyo wako uko kwenye waridi, chagua waridi la kukolea. Na rangi uichagulie mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Taa ya saluni hudanganya, hasa kwa damu ya mzee, ambayo ndani huonekana nyeusi na nje huwa nyekundu.

Wanaokwenda kwenye shughuli wana swali la sare. Kitenge cha sare kina rangi tatu au nne, na wengi hukimbilia ile iliyotawala kitambaa. Mimi hushauri ichukuliwe ile iliyo chache, ile ya mstari mwembamba au ya kitovu cha ua, kwa sababu kucha ni eneo dogo na rangi ndogo ya kitambaa hupata mwenzake pale. Mkono ukitua juu ya kitenge, kucha zitaonekana. Zikifanana na rangi kuu, zitamezwa.

Mapambo ya mwili si jambo geni kwenye uwanda huu. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika kwa kirefu juu ya chale za usoni na mwilini na juu ya ndonya, kile kipande cha mti kilichovaliwa kwenye mdomo wa juu na wanawake wa Kimakonde. Mapambo yale yalichongwa ili yadumu maisha yote. Ya kucha ni ya wiki mbili, na muda huo mfupi ndio unaotakiwa kuongoza uchaguzi wa mtindo.

Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi. Ina maana baada ya wiki mbili, mtu aliyepakwa hadi mzizini atakuwa na pengo la milimita moja na nusu, na kwa rangi iliyokolea pengo hilo huonekana kutoka mbali. Dawa yake ni mtindo wa nusu mwezi: fundi anaacha wazi kile kipande cheupe cha mzizini, anapaka kuanzia hapo kwenda mbele, na mstari wake unafuata mviringo wa mzizi. Ukucha ukikua, nusu mwezi unaongezeka kidogo tu na hakuna anayegundua. Ni mtindo wa zamani, ulivaliwa sana Ulaya na Marekani miaka ya 1930, na sijaona mwingine unaofaa zaidi kwa mtu atakayekaa kijijini wiki tatu bila fundi. Urefu nao uwe wa kiasi: ukucha usizidi ncha ya kidole kwa zaidi ya milimita mbili, na umbo liwe la mviringo. Kucha ndefu zilizochongwa kama jeneza zina pembe mbili kali, na pembe ndizo zinazonasa kwenye uzi wa kitenge, kwenye maganda ya muhogo na kwenye nywele za mtoto unayemsuka.

Vidole vya miguu vipe uhuru zaidi. Kucha zake hukua polepole, milimita moja au moja na nusu kwa mwezi, kwa hiyo rangi moja inaweza kumaliza likizo nzima. Huko weka hata dhahabu au rangi ya kumetameta, maana ndani ya ndala na makubazi vumbi na chembe za kumeta hupatana. Zikatwe mstari ulionyooka. Ukichimba pembe za kidole gumba ukidhani unakisafisha, unaukaribisha ukucha uzamie kwenye nyama.

Kuhusu maji, mtu wa Newala hahitaji kuelezwa. Mchanga wa uwanda hunyonya mvua yote, mito haipo juu, na kwa vizazi vingi wanawake walishuka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani, kabla ya mabomba ya mradi wa Makonde, ambayo nayo si kila siku hutoa. Mtindo wowote unaodai kuloweka mikono kwenye beseni kila baada ya siku mbili haufai huku. Habari njema ni kwamba kuloweka hakuhitajiki. Ukucha hunyonya maji na kuvimba. Ukipakwa rangi ukiwa umevimba, baadaye hunywea na rangi inapasuka. Fundi mzuri husafisha kucha kavu, anazifuta mafuta kwa pamba yenye asetoni kidogo, kisha anaweka rangi ya chini isiyo na rangi. Hiyo ya chini usikubali irukwe. Ndiyo inayozuia wekundu na damu ya mzee visiache unjano kwenye ukucha.

Newala ina Waislamu wengi, na Masasi hawakosekani. Kwa mwenye kuswali, rangi ya kawaida na jeli ni utando unaozuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha, kwa hiyo wengi huchagua hina. Hina haikai juu kama utando. Kiini chake cha rangi, kilichomo kwenye majani ya mhina, huingia na kushikamana na protini ya ukucha wenyewe, ile ile inayojenga nywele. Ndiyo sababu maji hupita na ndiyo sababu asetoni haiitoi. Wazazi wazingatie hapo: binti aliyepakwa hina kwenye kucha mwezi Juni atarudi shuleni Julai ikiwa bado imekoza, kwani huondoka kwa kukua na kukatwa tu, na hilo huchukua miezi. Mpakeni viganjani kama shule yake ni kali, viganja husafika mapema. Piko ni jambo jingine. Piko jeusi linalokoza kwa dakika chache mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, nayo huweza kuunguza ngozi, kuacha malengelenge na makovu, na kumfanya mtu asiweze tena kutumia rangi ya nywele maishani. Hina halisi ni ya chungwa kuelekea hudhurungi na inataka saa kadhaa. Ukiambiwa ni hina nyeusi ya papo kwa papo, kataa.

Sasa jeli, kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana. Rangi ya kawaida hukauka kwa kimiminika chake kuruka hewani. Jeli haikauki hivyo. Mwanga wa taa huziunganisha chembe zake zikawa plastiki ngumu, na ndiyo maana hudumu wiki mbili au tatu hata kwa mtu anayefua. Kwa safari ya likizo ni chaguo zuri, lakini lina masharti. Jeli isiyoiva vizuri, kwa taa dhaifu, kwa umeme uliokatika katikati au kwa tabaka nene, hubaki na kemikali mbichi, nazo zikigusa ngozi mara kwa mara huleta mzio. Mwaka 2018 Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Uingereza kilitoa onyo juu ya mzio huu, hasa kwa wanaojipaka wenyewe nyumbani. Ukishaupata haukuachi, na kemikali za jamii hiyo hutumika pia kuziba meno. Umoja wa Ulaya nao umepiga marufuku katika vipodozi kiungo kimoja cha jeli kinachoitwa TPO, kuanzia Septemba 1, 2025. Chupa isiyo na orodha ya viungo haina sababu ya kugusa mkono wako.

Sharti kubwa la jeli ni kuitoa. Madhara mengi ninayoyaona hayatokani na kupaka, yanatokana na kubandua. Dada anakaa Newala wiki ya tatu, jeli imeanza kunyanyuka pembeni, hakuna asetoni dukani, anaingiza ncha ya kisu au ukucha wa mkono mwingine na kung'oa. Kinachong'oka pamoja na jeli ni tabaka la juu la ukucha, na alama yake nyeupe yenye ukavu itakaa mpaka ukucha mpya ufike mbele, takriban miezi sita kwa kidole cha mkono. Beba chupa ndogo ya asetoni, pamba na vipande vya foili. Kwaruza uso wa jeli kwa tupa mpaka mng'ao utoke, weka pamba iliyolowa, funga kwa foili dakika 10 hadi 15, kisha sukuma taratibu kwa kijiti. Isipotoka, funga tena. Fanya hivyo mbali na jiko la mkaa na mshumaa, asetoni hushika moto upesi, na ukimaliza paka mafuta ya nazi kwa sababu upepo wa uwandani unakausha kucha hata zisizo na rangi.

Wanaokwenda Desemba wapange tofauti. Msimu wa korosho huanza Oktoba, na anayebangua korosho kwa mkono anajua mafuta ya ganda lake yanavyochubua ngozi na kuacha weusi. Ni mafuta makali, wataalamu hutengeneza nayo vanishi na rangi za viwandani. Kucha za kubandika hazifai hapo hata kidogo, kwa kuwa mafuta hayo yakipenya chini ya ukucha wa bandia hayafikiwi na sabuni. Kata fupi, paka tabaka mbili za rangi iliyoiva, vaa glavu.

Na yeyote anayekwenda kujifungua au kupasuliwa, iwe hospitali ya Ndanda au ya wilaya, aondoe rangi kwenye kucha zote, au angalau kidole kimoja cha kila mkono. Kifaa cha kupima oksijeni husoma kwa mwanga unaopita kidoleni, na rangi nyeusi, bluu na kijani huweza kukipotosha.

Vijana wanaopita na vikapu vya rangi stendi ya Masasi wana mkono mwepesi na bei ya watu, na naunga mkono kazi yao. Tatizo ni tupa moja na wembe mmoja kwa wateja wa siku nzima. Virusi vya homa ya ini aina B huweza kuishi kwenye kifaa kikavu kwa siku 7. Nenda na tupa yako, kikata kucha chako na kijiti chako, na umwambie asikate ule utando mwembamba wa ngozi uliofunika mzizi wa ukucha, kwani ndio mlango unaozuia vijidudu visiingie. Ausukume nyuma tu. Ukiona fundi anaanza kukata, vuta mkono wako, mlipe alichofanya, na uondoke.