Mwarobaini Unaougua Wajir: Kuuokoa au Kupanda Mwingine?

Makala haya yanajadili swali linalomkabili mkazi yeyote wa mji mkavu: mti mkubwa wa kivuli unapougua, je, uokolewe au ukatwe na kupandwa mwingine? Mti tunaourejelea ni mwarobaini, ambao asili yake ni Asia ya Kusini na ambao umeenea katika miji ya Wajir na Garissa. (Husemwa kuwa hutibu maradhi arobaini, yake wenyewe hayamo katika hesabu hiyo.) Chini yake watu huuza chai, watoto husoma Kurani na wazee husuluhisha migogoro ya malisho na visima. Kuukata si jambo dogo.

Tuanze na neno. Aghalabu tunasema jeraha la mti "limepona". Alex Shigo, mtaalamu wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mti hauponi kama mnyama aponavyo. Mbao iliyooza hairudi. Mti huizungushia kizuizi, kisha huotesha mbao mpya nje yake. Ndiyo sababu desturi ya kukwangua uozo na kujaza saruji ndani ya shina imeachwa, kwani kukwangua hubomoa kizuizi chenyewe. Hivyo swali lifaalo ni hili: je, sehemu iliyobaki nzima yatosha kuubeba mti?

Shina lenye uwazi si lazima lianguke. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba unene wa mbao nzima usipungue takriban theluthi moja ya nusukipenyo cha shina. Ukiligonga kwa nyundo ya mbao likalia kama ngoma, chunguza zaidi. Dalili mbaya kuliko hiyo ni uyoga unaoota kwenye kitako cha mti, au udongo uliopasuka na kuinuka upande mmoja. Hapo mizizi imeoza, na mti wa namna hiyo kando ya madrasa usisubiriwe hata kama majani ni mabichi. Ama majani yakipukutika kileleni ilhali kitako ni kizima, kagua kwanza udongo ulioshindiliwa na magari, au saruji iliyomwagwa hadi shinani.

Mvua ya Wajir ni haba, lakini maji ya visima hayako mbali chini ya ardhi. Mti mkongwe umekwisha kuyafikia. Mche mpya utategemea madumu ya maji na ua wa miiba kwa miaka kadhaa. Kwa maoni yetu, basi, kinachostahili kuokolewa hapa ni mzizi kuliko shina. Mwarobaini huchipuka upya kwenye kisiki. Ugonjwa ukiwa juu tu, ukate chini kabla ya mvua za Machi hadi Mei, acha machipukizi mawili matatu, kisha ubakize lililo imara.

Mizizi ikiwa imeoza, njia hiyo haipo. Mche upandwe hatua kadhaa kutoka shimo la zamani, kwa kuwa kuvu hubaki katika mizizi iliyozikwa. Mgunga, japo hukawia, ni wa nchi hiyo. Mathenge humea bila kubembelezwa, na hapo ndipo ulipo mtego: uliletwa kuzuia jangwa, jamii ya Ilchamus wa Baringo ikaishtaki serikali mwaka 2006 kwa madhara yake, na mwaka 2008 ukatangazwa rasmi kuwa magugu hatari.