Mama, Unene Wako si Uvivu: Tezi ya Shingo Inapofanya Kazi Polepole



Siku ya kliniki, kisha kupima watoto, mara nyingi mama moja anabaki nyuma. Anangojea wenzake watoke, halafu anauliza kwa sauti ya chini: "Juu ya nini ninazidi kunenepa, na mimi sili mingi?" Anasema anaamka na uchovu, anasikia baridi hata mwezi wa 10 wakati jua linawaka, choo ni kigumu, nywele zinakatika. Nyumbani mume anamwita mvivu. Jirani wanamsifu: "Bwana anakutunza vizuri, ona vile umenona!" Yeye peke yake anajua kwamba si uvivu, wala si raha.

Inaweza kuwa ni ugonjwa wa tezi ya shingo. Si kila mama mnene anao, wengi hawana. Lakini mwenye nao akikaa bila dawa anaumia, na akipata mimba mtoto anaumia kuliko yeye. Soma karatasi hii mpaka mwisho, kisha umsomee jirani asiyejua kusoma.

TEZI HII NI NINI?

Weka vidole mbele ya shingo, chini ya kile kifundo kinachopanda unapomeza mate. Hapo ndipo tezi ya tiroidi ilipo. Umbo lake ni kama kipepeo aliyefungua mabawa. Kazi yake ni kutengeneza maji ya nguvu yanayoitwa homoni, na kuyatuma katika damu. Homoni hiyo inaambia mwili wote utumie chakula kwa mwendo gani.

Fikiri moto wa makala katika mbabula. Ukipuliza vizuri, chungu kinachemka. Moto ukififia, hata ukiweka makala mengi, chungu kinakawia. Tezi ikichoka, moto wa mwili unafifia: moyo unapiga polepole, tumbo linakawia, ngozi inakauka, sauti inakuwa nzito, uso unavimba, damu ya mwezi inakuwa mingi, akili inasahau, roho inakuwa na huzuni bila sababu.

SABABU ZAKE

Tezi inahitaji madini ya iodini ili itengeneze homoni. Katika inchi yetu ya Kongo kuko mahali ambapo udongo hauna iodini ya kutosha. Kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, kinajulikana kwa jambo hilo. Katika miaka ya 1960 waganga walikuta watu wengi sana wa kaskazini ya kisiwa wana rovu, ni kusema uvimbe wa shingo, lakini upande wa kusini-magharibi ni wachache. Na iodini ilikuwa kidogo pande zote mbili! Walipochunguza chakula walikuta muhogo ndio ulioongeza shida. Muhogo usiolowekwa vizuri unabaki na sumu, na sumu hiyo ikiingia mwilini inazuia tezi kuvuta iodini. Huko Ubangi pia, kaskazini ya Kongo, waliona jambo lile lile, na watoto wengi walizaliwa na akili nzito na mwili mfupi.

Tangu miaka ya 1990 chumvi yenye iodini imeenea katika Kongo, na rovu imepungua sana. Lakini iodini si sababu moja tu. Kwa wamama wengine mwili wenyewe unapigana na tezi na kuiharibu polepole. Kwa wengine tezi inachoka katika miezi ya kwanza kisha kuzaa. Na aliyepasuliwa shingo na kuondolewa tezi anabaki bila homoni.

KILO NGAPI NI ZA TEZI?

Hapa tuseme ukweli. Tezi peke yake inaongeza kilo kidogo, mara nyingi 2 mpaka 5, na sehemu kubwa ni maji na chumvi ambayo mwili umeshika. Mama aliyeongeza kilo 20 hawezi kuweka zote juu ya tezi. Zingine zimetoka katika bukari, mafuta, sukari, na kukaa bila kutembea kwa sababu ya uchovu.

Basi usikate tamaa ukimeza dawa na mizani isiposhuka haraka. Mama moja alikuwa na shida hiyo. Alimeza dawa miezi 2, uchovu ukaisha, lakini kilo 3 tu zilipungua. Akasema, "Dawa hii haina kazi," akaiacha. Aliporudi kliniki alikuwa na mimba ya miezi 3, na tezi ilikuwa imelala tena. Tulimrudishia dawa siku ile ile. Lakini ile miezi 3 ya kwanza ndiyo miezi ambayo mtoto hana tezi yake inayofanya kazi ya kutosha. Ubongo wake unategemea homoni ya mama. Miezi hiyo haturudishi. Kwa hiyo ninakuomba: dawa ya tezi si dawa ya kukondesha. Ni dawa ya moyo, ya ubongo, na ya mtoto atakayekuja.

NAMNA YA KUMEZA DAWA

Kwanza munganga anapima damu. Ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu uchovu na unene vina sababu nyingi. Akikupa dawa ya tiroksini, fuata haya:

1. Meza kila siku, asubui, kwa maji matupu. Ngojea dakika 30 mpaka 60 mbele ya kunywa chai ao kula.
2. Kama unameza pia vidonge vya kuongeza damu ao vya kalisi, acha saa 4 zipite katikati.
3. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa.
4. Usizidishe kidonge ili ukonde mbio. Moyo utapiga ngoma, mikono itatetemeka, na mifupa itazoofika.
5. Rudi kupimwa damu kisha wiki 6 mpaka 8, ili munganga ajue kama kipimo cha dawa kinatosha.
6. Ukiona mwezi umepita bila damu, njoo mbio. Mwenye mimba anahitaji dawa zaidi, si kuiacha. Na unaweza kunyonyesha huku unameza, haimdhuru mtoto.

CHAKULA

Kufunga chakula siku nzima hakusaidii. Jioni utakula mara mbili, na nguvu itakwisha. Heri kugawanya sahani: nusu iwe mboga kama lengalenga ao matembele, robo iwe maharagwe, samaki ao yai, robo iliyobaki iwe bukari, kadiri ya ngumi yako. Punguza mafuta katika sombe, na punguza sukari katika chai. Mboga na maji zitasaidia choo pia.

Muhogo uloweke siku 3, uanike kwa jua mpaka ukauke kabisa. Sombe itwange vizuri na uichemshe sana. Nunua chumvi iliyoandikwa kwamba ina iodini, uitunze katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na maji, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Lakini usizidishe chumvi ukifikiri unajitibu. Tezi iliyoharibika haiponi kwa chumvi, na chumvi nyingi inapandisha damu.

KUTEMBEA NA KUFANYA MAZOEZI

Wamama wengine watacheka: "Mimi ninalima na kuteka maji, mazoezi gani tena?" Kweli, jembe na ndoo ni mazoezi. Kama unafanya hivyo kila siku, usijiongezee mzigo. Lakini kuko mama anayekaa sokoni toka asubui mpaka jioni. Huyo anahitaji kutembea.

Mwili wenye tezi dhaifu unauma misuli na viungo. Usianze kwa nguvu. Wiki ya kwanza tembea dakika 10 kwa siku. Kila wiki ongeza dakika 5, mpaka ufike dakika 30, siku 5 za juma. Kipimo ni hiki: ukitembea uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Ukishindwa kuzungumza, punguza mwendo. Siku 2 za juma, simama na kukaa juu ya kiti mara 10, ili mapaja yapate nguvu. Kifua kikiuma, ao moyo ukienda mbio bila kutulia, acha na uje lopitali.

NJOO UPESI KAMA UNAONA HAYA

Mtoto mchanga analala sana, hanyonyi vizuri, macho yake ni ya manjano kwa siku nyingi, ulimi ni mkubwa, choo ni kigumu, kilio ni kizito. Usiseme, "Ni mtoto mpole." Akianza dawa katika wiki 2 za kwanza, akili yake inaweza kukua vizuri. Kila wiki inayopita inamwibia kitu.

Mama mwenye ugonjwa huu akilala sana hata kuamka ni shida, mwili ni baridi, maneno yanachanganyika: mpeleke lopitali saa ile ile, hata ikiwa usiku.

Na wewe bwana unayesoma karatasi hii: ukimwona mke wako amechoka na kuvimba uso, usimtukane. Mchukue mpime damu. Kisha jioni tembeeni pamoja.