Masta ya usimamizi wa rasilimali watu: inafundisha nini, na Kanisa linaihitaji kwa nini?



Vijana wengi waliomaliza lisansi huko Goma, Bukavu, Butembo, Beni na Bunia wanajiuliza kama ni vizuri kuendelea na masta katika usimamizi wa rasilimali watu. Wazee wa makanisa nao wanauliza: masomo hayo si ya makampuni makubwa ya Kinshasa na Lubumbashi? Sisi yatatufaa nini? Tujaribu kuyajibu maswali hayo mawili pamoja.

Ni masomo gani?

Neno "rasilimali watu" linawachukiza wengine, kwa sababu mtu si mali. Lakini maana yake ni nyepesi: ni kazi ya kuwatafuta wafanyakazi, kuwapokea, kuwalipa, kuwafundisha, kupima kazi yao, kusuluhisha migogoro, na kuwaaga vizuri wanapostaafu.

Mwanafunzi wa masta anajifunza sheria ya kazi, namna ya kupanga mishahara, namna ya kueleza majukumu ya kila nafasi, takwimu, utafiti na mazungumzo kati ya mwajiri na wafanyakazi. Anasoma pia historia ya fani yenyewe. Mwaka 1911 Mmarekani Frederick Taylor alitoa kitabu kuhusu kupima kazi kwa saa na vipimo, kusudi kila mtu azalishe zaidi. Baadaye, uchunguzi ulioanza mwaka 1924 katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, ulimsaidia Elton Mayo kuonyesha kwamba mfanyakazi haongozwi na mshahara peke yake. Namna anavyosikilizwa na uhusiano wake na wenzake vinagusa kazi yake pia. Hadi leo fani hii inatafuta kuunganisha hayo mawili: kazi iliyopangwa vizuri, na mtu anayeheshimiwa.

Njia ya kufika

Zamani katika nchi yetu mtu alisoma miaka 3 ya gradua na miaka 2 ya lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali imeeneza mfumo wa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha udaktari. Masta ina mihula 4 na kredi 120, yaani kredi 30 kwa kila muhula. Mwishoni kuna mafunzo ya kazini na kazi ya utafiti ambayo mwanafunzi anaitetea mbele ya walimu. Mwenye diploma ya mfumo wa zamani aulize chuoni kwanza atapokelewa katika ngazi gani, kabla ya kulipa chochote.

Vyuo vya Kiprotestanti kama ULPGL ya Goma na UEA ya Bukavu vina vitivo vya uchumi na usimamizi, na vyuo vya serikali pia vipo. Wengine wanavuka mpaka kwenda Rwanda, Burundi, Uganda au Kenya, na wengine wanasoma kwa intaneti. Popote uendapo, uliza mambo manne. Je, chuo na programu hiyo vina kibali cha serikali? Diploma ya nje itatambuliwa na wizara yetu? Masomo ni kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, nawe unaiweza lugha hiyo kwa kuandika? Gharama zote ni ngapi, pamoja na usafiri, intaneti, utafiti na siku ya kutetea? Wengi huhesabu ada ya chuo tu, halafu wanakwama wakiwa wamebakiza kazi ya mwisho.

Kanisa ni mwajiri

Tukifikiri Kanisa ni ibada ya Jumapili tu, masomo haya hayatuhusu. Lakini jumuiya zetu zina shule, hospitali, vituo vya afya na ofisi za miradi. Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa, jumuiya zinasimamia shule nyingi za taifa. Wauguzi, madereva, walinzi, makarani na wapishi wanaishi kwa kazi hizo pamoja na jamaa zao.

Mara nyingi mtu huyo anaingia kazini kwa neno la mdomo. Anaambiwa, "Njoo utusaidie, ni kazi ya Mungu." Miaka 15 inapita bila karatasi yoyote. Siku anapofariki, mjane anafika ofisini na watoto, na hakuna anayejua mume wake alianza lini, wala kama jina lake liliandikwa katika mfuko wa usalama wa jamii, CNSS. Hapo kila mtu anasikitika, lakini huruma haiwezi kutoa pensheni ambayo haikuchangiwa.

Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema wazi juu ya mambo mengi. Mkataba uandikwe, usipoandikwa, unahesabiwa kuwa mkataba usio na muda maalum. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa juma. Mama anayejifungua ana haki ya likizo ya majuma 14. Kwa CNSS, mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza asilimia 13. Anayesimamia wafanyakazi bila kuyajua hayo anaweza kuwadhulumu ndugu zake hali anaimba nao kwaya moja.

Kuna na jambo lingine ambalo hatupendi kulitaja: ukabila na udugu katika kugawa nafasi. Nafasi inapotolewa bila vipimo vilivyotangazwa, hata aliyestahili anashukiwa, na jumuiya inagawanyika. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, manung'uniko yalitokea kati ya vikundi viwili vya lugha kuhusu huduma ya wajane. Mitume walitaja kwanza sifa zinazohitajika, ndipo kusanyiko likachagua watu saba. Vipimo vilitangulia majina. Ndivyo fani hii inavyofundisha kuhusu kuajiri: andika kwanza kazi ni ipi na sifa ni zipi, halafu utafute mtu.

Vita navyo vimeongeza mzigo. Wafanyakazi wamekimbia, ofisi zimeporwa, mafaili yamepotea. Sheria inakubali kwamba mkataba unaweza kusimamishwa kwa sababu ya nguvu isiyozuilika. Kusimamishwa si sawa na kufukuzwa. Kuna haja ya mtu anayejua tofauti hiyo, na anayeweza kuandika upya orodha ya watumishi pasipo kumfuta aliyeko kambini.

Je, kila mtu aende?

Hapana. Parokia yenye wafanyakazi watatu haihitaji mtu wa masta. Inahitaji mikataba mitatu, daftari la mishahara lililo safi na mtu mwaminifu. Kwa mwenye kazi hiyo, mafunzo mafupi, kwa mfano yale ya INPP, yanaweza kutosha. Masta inamfaa zaidi yule ambaye tayari amegusa kazi ya kusimamia watu katika hospitali, katika ofisi ya shule au katika mradi, na sasa anataka kuelewa sababu za yale anayoyafanya. Asitarajie pia kwamba diploma peke yake itamletea kazi. Kazi ni chache, na waajiri wanatazama uzoefu.

Jumuiya inayomlipia mtumishi wake masomo iandike mapatano naye: itatoa nini, yeye atarudi kutumika miaka mingapi, na atapewa kazi gani. Wako waliosomeshwa kwa sadaka za waamini, kisha wakarudi na kukuta kiti chao kimekaliwa na mwingine. Wako pia waliosomeshwa wasirudi kamwe. Karatasi moja iliyotiwa sahihi na pande zote mbili ingewaepusha wote na uchungu huo.

Kabla masta haijaanza, iko kazi ambayo kila halmashauri inaweza kuifanya mwezi huu. Muandike majina ya wote wanaofanya kazi kwenu, tarehe walipoanza, mshahara wao, na kama wamo katika CNSS. Jina litakalokosa tarehe au mkataba litawaonyesha pa kuanzia.